Safari ya Kwenda Kuangalia Jicho

Enzi zile, kwetu Matai, mtu hakwenda mjini kutembea. Alikwenda kuuza, kuugua au kushtaki. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwezi wa saba, tulipotoka nyumbani sote watano, tumepakwa mafuta hadi magotini, kila tuliyempita njiani alituuliza swali lile lile.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna," Baba alijibu. "Tunakwenda Sumbawanga. Kutembea tu."

Watu walitazamana. Jirani yetu mmoja alimvuta Mama pembeni, akamnong'oneza, "Niambie mimi peke yangu. Ni mtoto yupi?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nyuma yangu alikuwapo Oswaldi, mwenye miaka mitano, na kitinda mimba wetu alikuwa mgongoni kwa Mama. Baba alikuwa ameuza maharage vizuri mwaka ule, na alikuwa amesikia kwamba maduka ya mjini yamejaa. Wa rika langu mnakumbuka yalikuwaje kabla ya hapo. Sukari ya kugawiwa kwa kikombe, sabuni ya kupangia foleni tangu jogoo la kwanza, mama zetu wakifua kwa maji ya majivu. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa, na habari zikaanza kupanda na malori hadi kwetu: mjini kuna kila kitu. Baba alitaka tukione hicho kila kitu kwa macho yetu.

Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu, na walioijua walikuwa wawili tu, mimi na Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yamekuwa meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Tangu nipate akili alikuwa akinijua kwa kishindo cha miguu na kwa kunipapasa kichwa. Uso wangu hakuwahi kuuona, ila labda nilipokuwa mchanga, na uso wa mtoto mchanga si uso wa mtu. Daktari wa macho alikuwa akija hospitali ya mjini mara moja moja, na Baba alikwisha pata habari kwamba angerudi baada ya mavuno. Alimbembeleza Bibi mwezi mzima. Bibi alikataa. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba kule wanalitoa jicho la mtu na kumtia la mbuzi.

"Afadhali nife sioni, lakini nife mtu," alisema. "Siku ya ufufuo nikiamka na macho ya mbuzi, marehemu mume wangu atanijuaje?"

Baba aliapa kwamba huo ni uongo. Bibi hakusogea. Ila jioni ya kuamkia safari aliniita jikoni, akanishika mkono.

"Mke mwenzangu," aliniita hivyo kila alipotaka jambo, "baba yako anataka nipone, kwa hiyo hawezi kunieleza vizuri. Mtu anayetaka kitu haoni sawasawa. Wewe nenda, mtafute mtu aliyefunguliwa macho na yule daktari. Mwangalie. Kisha uje uniambie ni jicho la mtu au la mbuzi. Usiniletee pipi. Niletee habari."

Basi nikapanda lori na siri yangu.

Lori lilikuwa limetoka Kasanga, limejaa magunia ya migebuka mikavu, samaki wa ziwani, nasi tukakaa juu ya magunia. Nyie mnaofunga vioo vya gari kwa kuogopa vumbi hamjaujua upepo wa Ufipa mwezi wa saba. Hauna mti wa kuuzuia. Unatoka upande mmoja wa dunia, unakupitia kifuani, unaendelea na safari yake. Tulijifunika kitenge kimoja watoto wote, nikaacha tundu la kuchungulia. Niliona majani yaliyokauka yakilala na kuinuka kwa pamoja, mashamba ya ulezi yaliyokwisha vunwa, kundi la ng'ombe wa Wasukuma wenye pembe ndefu kuliko mikono ya Baba. Lori likasimama kuwapisha. Sikuwahi kuona gari likimpisha mnyama, nami nikaiweka habari hiyo akilini kwa ajili ya Bibi.

Kisha tukapanda kilima kimoja, na chini ya milima ya Mbizi kukawa na kitu kinang'aa.

"Baba!" Oswaldi akapiga kelele. "Ziwa limehamia huku?"

Yalikuwa mabati. Mabati juu ya mabati, jua limeyapiga yote kwa mara moja. Hata Baba, aliyekwisha fika mara nyingi, hakucheka. Alivua kofia. Sijui kwa nini aliivua, lakini nilimwona.

Tulifikia mtaa wa Chanji, kwa Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa na karani. Alitoka mbio mikono imetanuliwa, akafika hatua mbili karibu nasi, akasimama, akanusa.

"Kaka, umeniletea wageni au umeniletea samaki?"

"Vyote," Mama akamjibu. "Wifi, tukaribishe, upepo umetukausha kama hao samaki."

Jioni ilipoingia Shangazi aligusa ukuta, na chumba kikawaka. Taa za umeme nilikuwa nimezisikia, ila hakuna aliyenieleza kuhusu pembe. Kwetu koroboi iliangaza uso wa mtu na sufuria. Pembe za nyumba zilikuwa mali ya giza. Pale niliona pembe zote nne, niliona buibui darini na ufa ukutani, niliona kwamba gauni la Mama lilikuwa limetiwa kiraka mahali nisipopajua. Oswaldi aliuwasha na kuuzima ule mwanga hadi Shangazi akamkemea, "Mtoto, utauchosha umeme!" Mimi sikuugusa ukuta. Nilikuwa namfikiria Bibi. Kama kugusa ukuta kunaweza kufanya hivi, nilijiambia, basi huenda na jicho linawezekana.

Kesho yake tukaenda madukani. Baba alikwama kwa fundi baiskeli, Mama akatutangulia hadi duka moja lenye baraza pana. Barazani walisimama wanawake watatu. Mama, bila kusema neno, akaenda akasimama nyuma yao. Nikasimama nyuma ya Mama. Oswaldi akasimama nyuma yangu, akashika gauni langu kama tulivyofundishwa, ili mtu asichomeke katikati.

Tulisimama. Mstari haukusogea. Akaja mzee mmoja mwenye koti refu, akatuangalia, akasimama nyuma ya Oswaldi. Akaja mama mwenye kikapu, naye akajiunga. Hakuna aliyeuliza, miaka ile foleni ilikuwa haiulizwi, inaungwa kwanza. Mwishowe mwanamke wa mbele kabisa akageuka.

"Jamani, kuna nini hapa?"

"Si tuko kwenye foleni?" Mama akasema.

"Foleni ya nini, dada? Sisi tunapiga soga."

Mwenye duka alicheka hadi akashika kaunta. "Ingieni, mama! Siku hizi hampangi. Siku hizi ni sisi tunaowangojea nyinyi."

Yule mzee wa koti akajikohoza. "Mimi nilijua," akasema, akatupita wote akaingia wa kwanza.

Ndani ndipo nilipouona mji. Vitenge vimeshuka kutoka darini kama maporomoko ya maji. Mabeseni ya plastiki ya rangi nilizozijua kwenye maua tu. Redio za kaseti, biskuti kwenye makopo, sufuria zimepangwa toka ya kupikia kijiji hadi ya kupikia kuku mmoja. Na hakuna aliyekuwa akigombania chochote. Vitu vilikaa tu, kimya, vikingoja watu, kama kanisani kabla ya misa.

"Nikupe nini, mama?"

"Sabuni."

"Ipi?"

Mama akamtazama usoni. Maisha yake yote alikuwa ameulizwa "mko wangapi nyumbani", "jina lako limo", "umetoka kwa balozi gani". Hilo la "ipi" hakuwahi kuulizwa.

"Sabuni yenyewe," akasema.

Mwenye duka akaziweka nne juu ya kaunta: nyekundu, kijani, njano, nyeupe. Mama akazinusa moja moja, polepole, amefumba macho. Akaninusisha mimi. Akamnusisha Oswaldi, ambaye aliilamba ya njano. Alichukua muda mrefu kama mtu anayefanya toba, na mwenye duka hakumharakisha. Alichagua ya kijani. Tulipotoka, njia nzima alikuwa akinusa vidole vyake, na nilimsikia akisema peke yake, taratibu, "Ipi."

Lakini siku ilikuwa inakwisha na mimi sijaona jicho. Kesho asubuhi tungerudi. Jioni, tukipita sokoni na Shangazi, nilijitia ujasiri nikamuuliza kama anamjua mtu aliyefunguliwa macho.

"Yule pale," akasema, kama anayeonyesha mti. "Bibi wa maharage. Alikuwa haoni kabisa, akishikwa mkono na wajukuu. Daktari alimfungua mwaka jana."

Alikuwa mwanamke mzee, amekaa juu ya gunia tupu, anachagua maharage kwenye ungo. Nikaenda nikasimama mbele yake. Nikainama. Aliinua uso.

"Unanitazama nini, mjukuu?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, macho yako ni ya mbuzi?"

Wauzaji wakageuka. Mama alitoa sauti kama aliyekanyaga mwiba. Nilijua ningechapwa, na nilijua pia kwamba nikirudi bila jibu Bibi yangu atakufa gizani. Sikuondoka.

Yule mzee aliweka ungo chini. Akaanza kucheka, mwanzo bila sauti, mabega tu, kisha akacheka kwa nguvu hadi wauzaji wa jirani wakaambukizwa. "Nani amekutuma?"

"Bibi yangu wa Matai. Haoni. Anaogopa kutiwa la mbuzi."

Hapo hakucheka tena. "Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo," akasema. "La kondoo, mimi waliniambia. Njoo. Sogea. Angalia vizuri usije ukampelekea mwenzangu uongo."

Nikasogea hadi nikasikia pumzi yake. Jicho la mbuzi nilikuwa nalijua, nilikuwa nachunga kila siku: weusi wake umelala, kama mkato wa kisu. Weusi wa yule mama ulikuwa wa duara. Na ndani yake, mdogo kama punje ya ulezi, alikuwamo msichana aliyevaa gauni la bluu. Nilisogeza kichwa, naye akasogeza.

Bibi wa maharage akachukua ungo wake, akadokoa kijiwe kidogo nisichokiona hata mimi, akakiweka kiganjani mwangu. "Mpelekee hiki. Mwambie, mbuzi angekula haya maharage. Mimi nayachagua."

Tuliporudi Matai, Bibi alikuwa akitungoja ukutani, upande wa jua. Nilimweleza kwa mpangilio, tangu lori hadi lori, bila kuruka. Aliposikia foleni ya wapiga soga alicheka hadi akafuta machozi. Aliposikia sabuni nne alinyoosha mkono, akaomba kunusa ile ya kijani. Kisha akasema, "Sasa jicho."

"Ni duara, Bibi. Na nilijiona ndani yake."

"Hata jicho la mbuzi mtu hujiona ndani yake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaondoka mbio hadi zizini, nikamkamata jike letu kwa pembe, nikamkazia macho. Kweli nilikuwamo. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya ule mkato uliolala. Nikarudi nikihema, nikamwambia yote mawili, lililonisaidia na lisilonisaidia. Nikampa kijiwe na maneno ya mwenye kijiwe.

Alikizungusha kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Mwambie baba yako," akasema, "aniulizie lori."

Alikaa mjini majuma mawili. Siku aliyorudi tulikimbilia barabarani sote. Alishuka kwenye lori bila kushikwa mkono, akaweka kiganja juu ya paji la uso, akatutazama mmoja mmoja. Kwangu akasimama. Alinitazama hadi nikaona aibu, nikatabasamu.

"Fungua mdomo tena," akasema. Nikafungua. "Una mwanya wangu." Akaligusa lile pengo la meno yangu ya mbele kwa ncha ya kidole. "Uliniambia mabati, ukaniambia buibui wa darini, ukaniambia sabuni hadi rangi zake. Hukuniambia kama una mwanya wangu! Habari kubwa yote uliiacha."

Siku hizi Matai ina ofisi za halmashauri, na lami inateremka hadi Kasanga. Mtu akisema anakwenda mjini kutembea, hakuna anayeuliza nani anaumwa. Wanamuuliza atarudi saa ngapi. Maduka yamejaa hata hapa kijijini, na sijamwona mtu akifumba macho kunusa sabuni. Mwaka jana wanangu walikwenda Dar es Salaam, juma zima. Waliporudi niliwakalisha, nikawauliza wameona nini.

"Angalia mwenyewe, Mama," mkubwa akasema, akanipa simu. "Picha zote zimo humo."

Niliangalia. Ni kweli, zote zilikuwamo: maghorofa, mataa, wao wenyewe mbele ya kila kitu wamebinua midomo. Niliziangalia hadi mwisho. Kisha nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza, nikafumba macho.

"Sasa," nikawaambia, "nisimulieni kama mtu asiyeona."

Walitazamana, nadhani, nilisikia kimya cha kutazamana. Halafu yule mdogo, mwenye mwanya, akajikohoza, akaanza.