Mwende na turubai la bluu

Jamani, naandika hii kabla hata sijavua buti.

Mwende, farasi wangu wa mashindano, hushtuka hata mfuko wa plastiki ukipeperuka. Mwezi jana aliona turubai, akaruka kando, nikaanguka vibaya.

Leo kocha wetu, Mama Muthoki, ametandika turubai la bluu uwanjani, hapa Kithimani.

"Akikataa kulikanyaga, Jumamosi hamwendi mashindanoni."

Alikataa mara tatu! Masikio wima, jasho shingoni.

"Woga ni wako," Mama Muthoki akaniambia. "Anausikia kwenye hatamu. Pumua, mama!"

Kumbe nilikuwa nimebana pumzi.

Nikalegeza mikono, nikaimba wimbo wa kanisani, sauti ikikatika.

Mwende akanusa. Akaweka mguu mmoja. Akavuka.

Nilishuka, nikamkumbatia shingo, nikalia.

Nani mwingine ameshawahi kumwambukiza mnyama woga wake?