Baiskeli ya Mama Shuka

Ukimwambia Mama Shuka kwamba jambo fulani haliwezekani, umempa kazi ya kufanya. Wenzake wa chumba cha kufulia pale hospitali walilijua hilo siku nyingi, wakajifunza kufunga midomo. Mashine ya kukamulia ilipoharibika, msimamizi alisema shuka za wodi zote haziwezi kukamuliwa kwa mikono. Yeye akazikamua. Mabega aliyoyapata kwa kazi ile mpaka leo hayaingii kwenye gauni la dukani, na jina la Mama Shuka likamganda hapohapo. Jina la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mshahara.

Kamba za kuanikia ziko nyuma ya hospitali, na ukisimama pale na vibanio mdomoni unaiona barabara kuu ikipanda kilima, ikifika kwenye mnara wa simu, halafu basi, inapotea. Inaishia ziwani, mwendo wa siku kadhaa kwa baiskeli. Mama Shuka alikuwa hajawahi kuuvuka ule mnara, na si kwa kukosa likizo. Likizo alizipata, ila hazikuwahi kuwa zake. Moja ilikwenda kwa wifi aliyejifungua, nyingine kwa mama mkwe aliyevunjika nyonga, nyingine harusini, nyingine msibani, na ile ya mwaka aliofiwa na mumewe aliimaliza akiwapikia watu waliokuja kumfariji. Mwaka huu alitangaza mapema kwamba likizo ni yake peke yake, anakwenda ziwani, na anakwenda kwa baiskeli.

"Kuna nini huko, mama?" aliuliza binti yake, ambaye ni keshia na anapenda kila kitu kiwe na sababu yake.

"Sijui. Ningekuwa najua, ningeenda kutafuta nini?"

Sasa, tusidanganyane, baiskeli ilikuwepo. Marehemu mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu wa miguu mirefu asiyetulia, na alikuwa na baiskeli ya chuma cha kweli ambayo aliitunza kuliko meno yake. Mama Shuka naye ni mrefu. Koti la mvua walikuwa wanaazimana. Jumapili mumewe alimfundisha kuiendesha kwenye uwanja wa hospitali, akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti na kucheka. Siku zilizobaki aliijua kwa kukaa nyuma, kwenye keria. Alipofariki, ndugu walikutana kugawana vitu, na shemeji mkubwa, mwenye duka la samani, akasema, "Mwanamke atafanya nini na baiskeli yenye bomba juu?" Akaichukua eti aitunze. Akaitundika darini kwenye duka lake, juu ya makabati, na tangu siku hiyo tairi zake hazikugusa ardhi. Mama Shuka aliiacha iende. Siku zile alikuwa na msiba, na msiba ulipopoa akawa na kiburi. Alijiapiza kwamba hatapiga magoti kuomba kitu chake mwenyewe. Atatafuta nyingine.

Pesa alizokuwa nazo, za kushona foronya jioni, zilitosha baiskeli mpya mbaya au baiskeli nzuri kuukuu. Alianzia dukani, kwa sababu macho hayana pazia.

"Unamnunulia mjukuu?" muuzaji aliuliza.

"Najinunulia mimi."

Akaletewa moja yenye springi mbele, springi katikati, na michoro ya radi pembeni. Alipoikalia, ilinesa na kulia. Alipokanyaga pedali, nguvu zote zikaishia kwenye springi na gurudumu likabaki linajifikiria.

"Hii ni baiskeli au kitanda?"

"Vijana ndiyo wanazozipenda, mama."

"Wanakwenda nazo wapi?"

"Wanazunguka hapahapa mtaani."

Akamrudishia. Akashika njia mpaka kwa fundi baiskeli anayeitwa Spoku, jina ambalo ukimwona alivyo mwembamba kama waya wa gurudumu huna haja ya kuuliza lilitoka wapi. Spoku naye aliuliza baiskeli ni ya mtoto gani, na alipojibiwa, akafuta mikono. Kisha akataka kujua mambo mawili tu: anakwenda mbali kiasi gani, na atabeba nini.

"Basi nisikilize," alisema. "Pesa zako ziweke pale mwili unapogusa baiskeli, na pale baiskeli inapogusa barabara. Kiti, mikono, tairi, breki. Kwingine kote iwe mbaya tu, isikuumize kichwa. Rangi haipandi mlima."

Kwenye lundo lake la vyuma kulikuwa na fremu ya zamani ya kusambazia mikate, nzito kidogo lakini imenyooka. Ilikuwa ya kiume, ina bomba juu. Spoku akamwambia avushe mguu, asimame juu yake, apime mwenyewe kama panabaki nafasi. Akaivuka palepale na sketi yake ya kazini, wapita njia wakageuza shingo, na nafasi ilibaki. Ilikuwa saizi yake.

Kuanzia hapo ikawa haba na haba. Gurudumu la nyuma na gia zake vilitoka kwenye baiskeli ya radi, ndugu ya ile ya dukani, ambayo springi zake zilikufa kabla mwenyewe hajamaliza kujisifu. Keria ilichomelewa kwa vyuma vya kitanda cha hospitali kilichouzwa kama chakavu. Mifuko ya kuning'iniza pembeni aliishona mwenyewe kwa mpira wa kutandikia vitanda vya wagonjwa. Kitu ambacho kimezuia yote yaliyowahi kumwagika wodini hakiwezi kushindwa na mvua. Alishona na suruali. Vipya alivyonunua vilikuwa tairi, tyubu, raba za breki, na kiti cha ngozi ambacho usiku wa kwanza alilala nacho chumbani. Baiskeli ilipokamilika ilikuwa na rangi nne na haikuwa na sura. Lakini ilikwenda! Aliizungusha uwanja wa hospitali na mfuko wa shuka mbichi nyuma, ikatulia chini yake, na akajisikia kucheka kwa sauti bila kuchekeshwa na mtu.

Habari zilimfikia shemeji. Alikuja na kofia yake ya vikao, akakaa, akakataa chai, na hapo ukajua kuna maneno.

"Shemeji, watu watasema tumeshindwa kukupa nauli. Nauli nitatoa mimi. Panda basi, uende, urudi."

"Nauli ninayo. Basi litanifikisha. Mimi nataka kwenda."

"Si ni kitu kimoja?"

"Muulize marehemu ndugu yako."

Shemeji akakohoa. Akajaribu mlango mwingine. Alikuwa tayari kumnunulia baiskeli ya kike yenye kikapu, nyepesi, ya kwendea sokoni kwa heshima. Kisha akaongeza, "Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

"Anayesema hivyo mwambie akalime na jembe lisilo na mpini."

Wakaishia hapo. Tukisema shemeji alikuwa mtu mbaya tutakuwa tumetia chumvi. Ada za binti alizilipa bila kunung'unika, na mgonjwa akitokea yeye ndiye wa kwanza kuleta gari. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, alihesabu msaada kuwa ni kitu cha kumfanyia mtu, si kitu cha kumuuliza. Akaondoka, akafikiri siku mbili, akapata wazo, na wazo lake likamfurahisha.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi kabla ya likizo na safari ya Jumatatu, Mama Shuka alirudi nyumbani akamkuta shemeji uani, amesimama kando ya baiskeli kama bwana harusi. Bomba la juu halikuwepo. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno. Mahali pake, chini kabisa, mchomeleaji alikuwa amebandika nondo nyembamba ya dirisha, imekunjwa katikati mfano wa ua, na ua limepakwa rangi ya waridi.

"Sasa hata na gauni unapanda," shemeji alisema. "Kama ni lazima uende, uende kama mama wa watu."

Binti alisimama mlangoni, uso umemshuka. "Baba mkubwa aliniambia anaipeleka kutiwa mafuta."

Hasira ilimpanda Mama Shuka mpaka masikio yakavuma. Alitaka kumrushia kofia yake ng'ambo ya ukuta. Badala yake aliingia bafuni, akatoka na mfuko wa nguo alizoloweka asubuhi, akaufunga kwenye keria ukiwa unavuja maji.

"Panda, shemeji."

"Mimi?"

"Si umeitengeneza wewe? Panda, zunguka hapa uani mara moja tu."

Alipanda. Mbele ilikwenda kushoto, nyuma ikasita, kisha ikaamua kwenda kulia. Fremu ilijikunja katikati kama nguo inayokamuliwa, ua la waridi likaachia, na shemeji akaweka mguu wake wenye kiatu cha ngozi ndani ya mtaro wa maji machafu. Majirani walioegemea ukuta hawakucheka. Waliinama tu kwa pamoja, kila mmoja akitafuta kitu chini.

"Nilitaka kukusaidia," shemeji alisema kwa sauti ndogo.

"Ungeniuliza. Kuuliza ni bure."

Mama Shuka alilia baadaye, kidogo, peke yake, kwa sababu na yeye ni mtu. Kisha akanawa uso, akaisukuma baiskeli mpaka kwa Spoku. Fundi aliichuchumalia, akapitisha kidole pale palipochomwa, akatikisa kichwa. Shingo ilikuwa imepinda, chuma kimeungua. Hata bomba likirudishwa, haitakwenda sawa tena.

"Hii imekufa, mama. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Magurudumu mazima, gia nzima, breki nzima, keria nzima. Umepungukiwa fremu tu. Ila fremu ya urefu wako, kabla ya Jumatatu, siipati hata kwa uganga."

Mama Shuka aliangalia kile kiti cha ngozi, akaangalia zile tairi mpya. Kiburi chake na safari yake vilikuwa vimekutana mlangoni, na mmoja lazima ampishe mwenzake.

"Najua iliko," alisema.

Jumamosi asubuhi duka la samani lilikuwa limejaa. Mtu na mkewe walikuwa wanajaribu kitanda, mzee mmoja anafungua na kufunga droo. Mama Shuka aliingia na ile suruali aliyoishona, spana mfukoni.

"Shemeji, ngazi yako iko wapi?"

Shemeji aliangalia juu ya makabati, akaelewa. Akamsogelea, akapunguza sauti. "Shemeji, haya tungeyaongea nyumbani."

"Wakati wa kuongea ulikuwa kabla hujaenda kwa mchomeleaji."

"Ile ni kumbukumbu ya ndugu yangu."

"Na mimi ni nani wa ndugu yako?" Hakupunguza sauti hata kidogo. "Umemtundika mtu wa watu juu ya makabati, miaka yote hii. Yule bwana hata chakula alikuwa anakula amesimama! Mimi sikuja kuomba, shemeji. Nimekuja na spana."

Akaiona ngazi mwenyewe nyuma ya mlango, akaiegemeza, akaanza kupanda. Mzee aliacha droo wazi. Yule mume aliyekuwa kitandani akaketi, akauliza kwa upole wa mteja asiyetaka ugomvi, "Samahani, mwenye duka, kwani ile baiskeli ni ya nani?"

Mama Shuka alisimama katikati ya ngazi. Hakugeuka. Alitaka kusikia mtu yule, aliyeogopa watu watasema nini, atawaambia nini watu.

Shemeji alivua kofia, akaishika, akairudisha kichwani.

"Ni yake," alisema.

Kisha akaenda kushika ngazi.

"Shika vizuri," Mama Shuka alimwambia kutoka juu. Hakumshukuru. Mtu hashukuriwi kwa kukurudishia chako.

Spoku alifanya kazi Jumapili nzima, akihamisha vitu kimoja kimoja kwenye fremu ya marehemu, na kila nati iliingia bila kubembelezwa. Jumatatu asubuhi mifuko ya mpira ilikuwa imefungwa, binti amekwishauliza mara tatu kuhusu chaja ya simu, na shemeji akatokea na pampu ya mkono ameizungushia gazeti.

"Hii nayo ilikuwa ya kwake. Ilibaki kwangu." Akaikabidhi, akasimama, maneno yakamshinda kumeza. "Lakini shemeji, watu watasema."

"Waambie wapaze sauti. Nitakuwa mbali."

Akavusha mguu juu ya bomba, akaenda. Alipita nyuma ya hospitali, wenzake wenye vibanio mdomoni wakapiga kelele zisizoeleweka. Kilima kikamshika nusu ya njia. Akashuka akasukuma, kwa sababu hakumwahidi mtu kwamba hatashuka. Kwenye mnara wa simu alisimama kupumua, akatazama nyuma. Kule chini kamba zilikuwa zimejaa, na zile shuka zilianikwa ovyo, pembe hazijanyooshwa, moja inaburuza kwenye vumbi. Mikono ikamwasha. Kwa muda mfupi kabisa aliwaza kurudi kuzinyoosha.

Akaziacha hivyohivyo, akapanda.