Kiti ya Muzee Vital

Jirani yangu Muzee Vital alifanya kazi ya duane ku mupaka kule Aru, kupekua mizigo, mpaka nywele zikamuisha. Siku alienda mu retrete, kazi imeisha, wenzake wakamupa kiti ya libuyu, muti mugumu kama kichwa yake, yenye mikono mipana na mugongo wa kulalia. Ikafika Bunia juu ya lori, imefungwa kamba vizuri. Bibi yake, Mama Bibiane, alikaa kule juu kati ya mifuko ya maharagi. Yeye hakufungwa kamba.

Toka ile siku, kiti iko ku barza, na muzee iko ndani ya kiti. Asubuhi anakunywa chai humo na karanga za kukaanga. Saa sita anasikiliza radio na kubishana nayo. Mama Bibiane akirudi soko na samaki ya Kasenyi, muzee anaihukumu bila kuinuka, sawa vile bado iko ku mupaka.

"Hii iliingia Bunia lini?"

"Iliingia mbele yako, na haikuleta kelele."

Ni hivyo wanapendana. Lakini mama kukaa mu ile kiti? Hata siku moja. Yeye anakaa juu ya bidon ya maji.

Basi, wiki iliyopita zamu ya shirika ikawafikia. Shirika ni sala yetu ya majirani, kila wiki kwa nyumba ya mumoja, na mara hii Padri Fulgence mwenyewe alisema atakuja. Padri Fulgence ni mutu wa Mungu, na Mungu hakumuumba na mukono wa kubana: mutu munene sana. Tena, kitu akiisifu, wakristo wanamupa. Alisifu mbuzi ya watu, mbuzi ikapanda piki-piki. Alisifu saa ya ukuta, leo inalia kwake.

Siku mbili mbele ya sala, Mama Bibiane akiwa soko, nikaona Muzee Vital anaingia kwangu, kiti juu ya kichwa, anapumua kama ng'ombe ya Djugu.

"Mama Nadège, uniwekee hii mpaka shirika ipite. Usiambie mutu."

"Hata bibi yako, Mama Serge?"

"Yeye wa kwanza! Nitamwambia iko kwa fundi."

Nikaiweka mu chumba, nikaifunika kikwembe.

Ona sasa. Mutu alikula mushahara kwa kutafuta vitu vya kufichwa, kumbe yeye kuficha hajui! Shirika ikiwa kwa jirani, viti zinatoka wapi? Si kwa majirani? Siku ya sala, Mama Clémence, prezidenti wa shirika, akaingia kwangu na kundi ya wamama.

"Viti, mama! Utoe zote!"

"Muchukue."

Niliahidi sitasema, na sikusema. Kunyima shirika kiti, hiyo sikuahidi.

Wakainua kikwembe. "Yesu! Na hii? Hii ni ya Padri!"

Ikatoka kwangu juu ya vichwa, na wimbo. Muzee alikuwa ku mulango, shati nyeupe, anapokea watu. Akaona kiti yake inarudi nyumbani kwa maandamano, kama Bikira Maria mwezi wa tano. Mama Bibiane akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akaangalia bwana yake. Akavuta bidon yake, akakaa. Ile ndiyo ya kuogopa.

Padri akakaa. Kiti ikalia kidogo, ikanyamaza. Tukasali rozari, tukasoma Injili, tukakula, watu wakaanza kutafuta viatu. Padri hakuinuka. Akapapasa ile mikono ya kiti.

"Muzee Vital! Mugongo yangu haijapata raha ya hivi toka seminari."

"Amesifu!" Mama Clémence akaruka, wamama wakapiga vigelegele. "Padri ataenda nayo, si ndiyo, Muzee?"

Muzee akashika mugongo wa kiti. Macho yakalowana, mutu muzima, kwa sababu ya mbao.

Hapo Mama Bibiane akainuka ku bidon yake, akakaza kikwembe.

"Uchukue tu, Padri, tutafurahi. Tulikuwa na haya ya kusema kwamba mama mukwe wangu alifia humo. Tulizani amesinzia. Ilipita siku mbili."

Sijaona mutu munene anaruka vile. Padri akajifanyia alama ya musalaba mbele na nyuma. "Hapana, mama, hapana. Ibaki. Ni ukumbusho wa familia." Soda yake akaimalizia wima.

Huyo mama mukwe mimi namujua. Iko Aru, analima karanga, na juzi alipiga simu kuuliza kama mufuko wake ulifika.

Watu walipoisha, muzee akakimbilia kiti. Akamukuta mama ndani.

"Mama Serge..."

"Nimedanganya padri kwa ajili yako. Zambi ni yangu, na kiti ni yangu, mpaka siku nitaungama."

"Basi uungame kesho asubuhi!"

"Kwa nani? Yule yule? Papa Serge, toba haiko mbio."

Leo nimechungulia ku barza mu lupango yao. Mama iko ndani ya kiti, miguu juu ya bidon, radio juu ya tumbo. Muzee alikuwa anarudi soko, samaki mu mukono, jasho mu shingo.

"Lete nione," mama akamwambia bila kuinuka. "Hii iliingia Bunia lini?"