Baiskeli Tupu ya Mkorea

Filamu yenyewe iliwashinda hata Wakorea. Nilisoma mtandaoni: maisha ya kweli ya bingwa wa baiskeli wa zamani, pesa zimemwagwa kama maji, kumbi tupu. Nikaona inatufaa. Sisi watazamaji wa Guildford, mtaani kwetu huku ughaibuni, tulikuwa tumefungiwa ndani na korona, hatuna pa kukimbilia.

Baba alikuwa chumbani peke yake tangu jana. Mwenzake wa kwenye ghala kule Smithfield alikutwa na korona, naye Baba akaambiwa asitoke mpaka majibu ya kipimo chake yaje kwa meseji. Hofu yetu ilikuwa Bibi. Ana sukari, kifua chake kibovu, na juzi tu alikula sahani moja na Baba.

"Mshughulishe bibi yako," Mama akaninong'oneza. "Asishinde anautazama ule mlango."

Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Bibi alizoea sinema za kibandani, ambako jamaa mmoja hushika maiki akaeleza kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Basi nikashika rimoti kama maiki, nikawa namtafsiria Kiingereza cha chini ya skrini. "Huyu hapa ndiye steringi wetu!"

Steringi akatoka mbio na baiskeli yake. Bibi akainama mbele.

"Amebeba nini?"

"Hajabeba kitu, Bibi. Ni mashindano."

"Baiskeli tupu? Jasho lote hilo, hata mkungu mmoja hajapakia?"

Bibi amekulia Burundi, kwenye miteremko ambako baiskeli hushuka na ndizi mpaka mwendeshaji haonekani. Kwake huo ulikuwa uchizi. Akageuka kuutazama mlango wa Baba. Nikaona ananiponyoka.

"Samahani, Bibi, nilisoma vibaya. Amebeba dawa. Zimo ndani ya bomba la baiskeli. Kuna mtoto mgonjwa kijijini."

"Ehee! Si useme!"

Toka hapo filamu ikawa yangu. Washindani wakawa wezi wa dawa. Refa akawa daktari mla rushwa. Bibi akapiga mapaja: "Kanyaga, mwanangu, kanyaga!" Jikoni Mama akacheka, mara ya kwanza tangu jana.

Ukuta wa chumba cha Baba ukagongwa. "Mama, huyo mtoto anakudanganya! Nasikia yote!"

"Nyamaza wewe, mgonjwa!" Bibi akamjibu mwanawe, kisha akajiziba mdomo. Neno lilishamtoka. Steringi akaendelea kukanyaga.

Mara mlango ukafunguka. Baba huyo, bila barakoa, simu juu. Mama akapiga yowe.

"Sina!" akasema Baba. "Wamesema sina!"

Mama akakaa sakafuni na mwiko wake. Bibi akampapasa Baba mashavu kama anayechagua nyanya sokoni, akamvuta kwenye kochi, akanigeukia.

"Rudisha mwanzo. Baba yako hajaona."

Nikarudisha. Safari hii niliongopa vibaya zaidi, Baba akacheka mpaka akakohoa, na hakuna aliyeshtuka.