Mrina Asali Aliyeachwa Mtoni

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika, kule Ipole. Mbele yangu mama mmoja, mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, alikuwa ameshika riwaya yangu bila kunijua. Alimwambia mwenziwe, "Kitabu hiki kimekatika. Mrina asali wa watu kaachwa mtoni, maji shingoni."

Alisema kweli. Mchapishaji wangu, ambaye ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani pale Tabora mjini, alisahau kushona kurasa nane za mwisho. Nilitaka kumgombeza, lakini kabla sijafika kwake, mhakiki wa gazeti la Dar es Salaam alinisifu kwa ujasiri wa kuuacha mwisho wazi. Nikanyamaza. Kipande hicho cha gazeti natembea nacho mfukoni.

Nikajitambulisha. "Shikamoo mama. Mwandishi ni mimi."

"Marahaba. Basi mtoe yule baba mtoni."

Foleni nzima ikageuka. Nikawasimulia mwisho wangu: mtumbwi unakuja, mrina asali anaokolewa, anahamia kijiji cha ujamaa, anaoa, anachaguliwa mwenyekiti. Mama alinisikiliza kiganja kikiwa shavuni. Nilipomaliza, akakifunga kitabu taratibu na kukitia kikapuni.

"Mwanangu," akasema, "mrudishe mtoni."

Nimempelekea mchapishaji wangu chupa ya asali. Kushona hajui, ila kuhariri anajua.