Chupa Tano za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofika kutoka Mbeya kuja kunisaidia kuvuna mpunga, alinikabidhi chupa tano ndogo kabla hata hajanywa maji.

"Zifungie, dada. Funguo kaa nazo wewe."

Ilikuwa methadoni, dawa inayomzuia asirudi kwenye heroini. Miaka miwili alikuwa akiinywa kila asubuhi kliniki, mbele ya nesi. Safari hii walimwamini kwa mara ya kwanza, wakampa ya kubeba, chupa moja kwa siku. Akienda nazo vizuri, wangempa tena, na mimi ningemwona nyumbani mara kwa mara.

Mimi niliachia shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu watatu kwa kugawa. Sabuni niligawa, samaki mmoja alilisha nyumba nzima. Basi nikatazama chupa, nikatazama shamba letu la Mwamkulu ambalo hatujafika hata nusu, nikaona chupa tano zinaweza kunyooshwa zifike siku nyingi zaidi. Asubuhi ya pili nikammiminia nusu kwenye kikombe, nikajazia maji. Ya tatu nikafungua chupa nyingine, nikafanya vilevile.

Siku hiyo alipiga miayo mpaka machozi, akiweka mundu chini kila mara kujifuta. Wavunaji wa shamba jirani wakamtania kwamba mji umemlainisha. Akanifuata kwenye turubai nilipokuwa napepeta.

"Dada, dawa unanipa yote?"

"Nusu. Nilitaka ukae zaidi."

Akakaa chini taratibu. "Hii siyo dagaa, dada. Hiyo nusu ndiyo itanirudisha kule."

Akampigia nesi, nikaomba simu nikasema kosa ni langu. Nesi alinigombeza kama mtoto. Kisha akasema amalizie ya leo, iliyobaki jana tuirudishe kliniki, na zilizobaki anywe kamili.

Nikafungua sanduku nilimozifungia chupa. Alipomaliza kikombe nikamwambia, "Haya, taja." Zamani nikiwapa kwinini niliwatajisha majina yetu wote wanne, nijue wamemeza.

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Hata nesi hutuongelesha tukishakunywa. Nilijua amekuiga wewe."

Akataja, akianza na langu.

Aliondoka siku ileile aliyopangiwa, na chupa zake tupu na ile nusu mkobani. Mpunga uliobaki niliuvuna mwenyewe, wiki nzima. Mwezi uliofuata akapiga simu: wamempa tano nyingine.