Wasafiri Wasiozeeka

Juzi mjukuu wangu alikuwa akibishana na rafiki yake kuhusu riwaya nene ya safari za nyotani, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kibosho, wakati baba yuko vitani ng'ambo.

Mjomba wangu, mwalimu wa shule, alikaa barazani na mwalimu mwenzake wakisoma kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali. Uani kulinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Mjomba alisoma kidogo, akatafsiri, kisha wakabishana.

"Anasema wasafiri walirudi wangali vijana, wakakuta watoto wao wamezeeka."

"Haiwezekani! Hebu rudia."

Alirudia, wakazidi kuchanganyikiwa. Mimi sikujua kwamba kuna vitabu vya mambo ya kubuni. Nilidhani wanasoma habari za vita.

"Mjomba," niliuliza, "baba akirudi nitakuwa bibi kizee?"

Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini. Mjomba aliutazama ukurasa, akafunga kitabu.

"Sijui, mwanangu."

Leo naelewa kwamba hakujua kama baba angerudi. Siku ile nilielewa kwamba nitazeeka kwanza. Nikamkimbilia mama nikilia, nikamuuliza baba atanitambuaje.

Mama alinifuta machozi kwa kanga, akanishika masikio.

"Masikio yako ni ya baba yako," alisema. "Masikio hayabadiliki."

Baba alirudi nikiwa bado mtoto. Kabla hata ya kumwamkia, nilivua kitambaa kichwani nikamwonyesha masikio.